Mnanisikia Huko Iringa?

Nianze na jambo ambalo ningependa kulificha. Nilipoambiwa kwamba wanafunzi wa tawi letu la Iringa nitawafundisha kwa video nikiwa hapa hapa Mbeya, nilifurahi. Wenzangu walinuna, wakasema elimu inazikwa ikiwa hai, mimi nikachekelea moyoni. Kwa miaka mingi nilikuwa napanda basi kila baada ya wiki mbili, Makambako, Mafinga, mpaka Iringa, mgongo ukiniwaka, kwenda kufundisha takwimu kwa walimu wa shule za msingi waliokuwa wakisoma shahada ukubwani. Sasa ningekaa kwenye chumba chenye zulia, mlima Loleza ukionekana dirishani, chai yangu mkononi, na Iringa ingeletwa kwangu ukutani. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Niliona nimestahili.

Wiki moja kabla ya muhula kuanza, mwanamke mmoja alibisha hodi ofisini kwangu. Alikuwa mtu mzima, arobaini na kitu, kilemba cha kijani kichwani, na mkononi ameshika sado ya nyanya, kile kindoo cha plastiki cha sokoni, iliyofunikwa kwa gazeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

Akasema yeye ni mwanafunzi wa tawi la Iringa, anafundisha shule ya msingi kwao Ilula. Alikuwa amepanda mabasi mawili, akalala kwa ndugu yake Mwanjelwa, ili anikute asubuhi. Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Somo lako nimelifeli mara mbili, mwalimu. Mtihani wa kwanza niliufanya mama yangu akiwa amelazwa Tosamaganga, mimi ndiye namuuguza. Sapu nikaifanya wiki ile ile tuliyomzika. Sasa nimelibeba. Nikianguka tena, nimedisko."

Asiyejua lugha ya vyuo vyetu nimweleze: sapu ni mtihani wa marudio, kubeba ni kulisoma somo upya mwaka unaofuata, na kudisko ni kufukuzwa chuo. Hakuna mlango mwingine baada ya hapo. Miaka mitatu yote aliyosoma ingekuwa bure, na kwa umri wake hakuna mwajiri ambaye angempa ruhusa ya kuanza upya.

"Nimekuja ili unione uso," akasema. "Tumeambiwa mwaka huu utatufundisha kwenye video. Nikasema afadhali mwalimu anijue."

Mtu mwingine angeguswa. Mimi nilisikia mtu anaomba upendeleo. Nikamwambia uso haumfaulishi mtu. Ahudhurie, asikilize, afanye mazoezi. Kuhusu nyanya nikamwambia arudi nazo, kwani mimi sipokei chochote kutoka kwa mwanafunzi. Akasema ndiyo, mwalimu, akaaga kwa adabu, akatoka.

Jioni mlinzi wa getini akanikabidhi ile sado. "Kuna mama ameacha hizi. Amesema ni za mwalimu mkali wa takwimu." Nilisimama pale na msimamo wangu na sado mkononi. Mke wangu alizipika, na nilikula.

Sasa niseme habari za mahudhurio, kwa sababu ndipo ubaya ulipoanzia. Chuo chetu kina kanuni: asiyehudhuria robo tatu ya vipindi haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Na wanafunzi wetu wana kanuni yao: mmoja akiwa hayupo, mwenzake anamsainia. Karatasi ya mahudhurio ya Iringa, enzi zile za basi, ilikuwa na saini arobaini hata siku ambazo nilihesabu vichwa ishirini na nane. Nikachoka kufanywa mjinga. Nikampigia simu katibu wa tawi, nikamwagiza aandike namba kwa chaki mgongoni mwa kila kiti, mpaka arobaini, na kila mwanafunzi awe na kiti chake asichobadilisha. Mimi Mbeya ningekuwa na orodha. Kila baada ya muda ningetazama skrini, na kiti kitupu ni mtu hayupo. Sihitaji saini ya mtu.

Nilijivunia sana mpango huo. Niliueleza kwenye kikao cha idara, mkuu wa idara akasema ni ubunifu, na akataka uandikwe ili matawi mengine yauige. Yule mama wa Ilula alipewa kiti namba ishirini na tatu.

Ukumbi wenyewe sikuwahi kuukanyaga. Nilipokuwa naenda Iringa kwa basi tulikuwa tukitumia darasa dogo la kawaida. Kwa ajili ya video walihamishiwa jengo kubwa lililokuwa ghala la mahindi, kwa sababu ndilo lililokuwa na ukuta mpana wa kutosha skrini. Mimi niliuona kupitia kamera tu: mistari ya viti, nyuso arobaini, mlango upande wa kushoto. Kamera haikuonyesha paa, na mimi sikuuliza.

Kipindi cha kwanza kilikuwa vurugu tupu. Maiki yao ilileta kila kitu: viti vikikwaruza sakafu, vikohozi, jogoo wa jirani, mtu anauliza chaja. Nilivumilia nusu saa, nikapasuka. Nikaagiza maiki ya Iringa izimwe kuanzia siku hiyo, iwashwe nikiuliza swali tu. Kukawa kimya. Nilifundisha kwa Kiingereza kama kanuni inavyotaka, nikichomeka Kiswahili pale penye ugumu, na kila baada ya dakika kumi nikauliza, "Mnanisikia huko Iringa?" Vidole gumba arobaini vikapanda. Nilijisikia waziri.

Hata picha ilipokuwa ikiganda, nyuso zikasimama pale pale, vinywa nusu wazi, mimi niliendelea. Niliwahi kuwasifu kwa utulivu wao.

Wiki ya tatu yule mama alisimama. Nilimwona anatoka kwenye kiti chake, anapita katikati ya viti, anakuja mbele mpaka kilemba kikajaa kwenye kioo, kisha maiki ikawashwa na kelele ikaingia chumbani kwangu kama mtu anamwaga kokoto kutoka kwenye lori. Nilidhani ni mtandao. Ilibidi nipunguze sauti.

"Mwalimu, samahani," alikuwa akipaza sauti. "Samahani sana. Huku nyuma hatukusikii."

Sijui kwa nini nilikasirika kiasi kile. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimefika sehemu ninayoipenda. Labda ni kwa sababu katika miaka thelathini hakuna mwanafunzi aliyewahi kunikatisha. Kwetu huku, mtoto anafundishwa mapema kwamba mkubwa akiuliza umeelewa, jibu ni ndiyo. Ukisema hapana, umemwambia kwamba ameshindwa kazi yake mbele za watu. Nimelelewa hivyo, nimelea watoto wangu hivyo, na nimefundisha hivyo. Kila mwaka nilikuwa nawaambia wanafunzi mficha uchi hazai, ulizeni maswali. Na siku mmoja alipouliza, nilimwona hana adabu.

"Hamnisikii, au wewe hunisikii?" nikamjibu. "Kuna mwingine hapo ambaye hanisikii? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Mnanisikia?"

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini hasira yangu haijui kuishia njiani. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha nikasema, mbele ya wenzake wote, "Mama, hili somo umeshalifeli mara mbili. Mara hii tafuta sababu nyingine, usisingizie masikio. Rudi kwenye kiti chako, na hiyo maiki izimwe."

Maiki ikazimwa, na nikawaona wanacheka bila sauti. Baadaye sana niliambiwa kwamba walionisikia ni wa mistari miwili ya mbele tu. Hao ndio walioitikia ndiyo, na wa nyuma wakaitikia kwa kuwafuata. Hao ndio waliocheka, na wa nyuma wakacheka kwa sababu wa mbele wamecheka. Yeye alirudi namba ishirini na tatu, akakaa, akainamisha kichwa juu ya daftari. Nilimwona vizuri.

Wiki iliyofuata kiti namba ishirini na tatu kilikuwa kitupu. Nikasema, kanuna huyo. Nikaweka alama ya X. Wiki iliyofuata pia, na iliyofuata. Pembeni kabisa ya skrini, kona ya chini, kulikuwa na kitu cha kijani kilichojitokeza kidogo, kipande kisichozidi upana wa vidole vitatu. Nilidhani ni kitambaa walichofunikia vyombo visiingie vumbi. Nilikiona wiki nane.

Mazoezi yake yaliendelea kuja pamoja na ya wenzake, kwenye bahasha ya katibu wa tawi, na yalikuwa mazuri. Yalikuwa bora kuliko ya wengi. Mimi nilikuwa na maelezo yangu tayari: mtu ambaye hahudhurii anayajuaje haya? Kwenye zoezi la nne nikamwandikia kwa kalamu nyekundu, Nani amekufanyia? Zoezi la tano likaja na hesabu zote zimeonyeshwa hatua kwa hatua, hata zile ambazo hazihitaji, kurasa sita, mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, herufi zimesimama wima. Sikuandika kitu. Nilitoa alama nikafunga.

Mwisho wa muhula nikajumlisha X zangu. Kutoka Iringa aliyeangukia chini ya robo tatu alikuwa mmoja. Nikaandika jina lake, nikasaini, nikatuma. Aliyezuiwa mtihani anahesabiwa kuwa ameshindwa. Nilijua maana yake kwake, kwa sababu alikuwa ameniambia mwenyewe, amesimama mbele ya meza yangu, amekataa kukaa. Siwezi kusema sikujua.

Usimamizi wa mtihani ulinipeleka Iringa kwa basi, mara ya kwanza mwaka huo. Nilifika kwenye lile ghala asubuhi, mawingu yameshuka mpaka kwenye vilima, na yule mama alikuwa amesimama barazani mbele ya ubao wa matangazo. Kilemba kilikuwa kile kile. Orodha ya waliozuiwa ilikuwa imebandikwa siku chache nyuma, lakini yeye alikuwa Ilula akisoma. Aliiona asubuhi ile, akiwa na kalamu zake mbili na rula kwenye mfuko wa nailoni.

"Mwalimu," akasema, na hata siku ile alitanguliza shikamoo. "Mwalimu, mimi nilikuwepo. Sikukosa hata siku moja. Nilikuwa pale chini."

"Mama, orodha imeshatoka," nikamwambia. "Nenda kaongee na ofisi."

Nikaingia ndani. Nilikuwa nimeshika bahasha za mitihani, na kazi ni kazi.

Tulianza saa tatu kamili. Dakika tano hazijaisha, mvua ikashuka. Paa lote lilikuwa bati, halina dari. Nimezaliwa kwenye nyumba ya bati, naijua mvua ya bati, lakini sijawahi kuwa ndani ya ghala kama lile inaponyesha mvua ya Iringa ya mwezi wa pili. Sauti ilikuwa ile ile ya kokoto. Niliitambua papo hapo.

Swali la nne lilikuwa na kosa la uchapaji. Palipoandikwa kumi na tano palipaswa kuwa hamsini, na bila marekebisho swali halifanyiki. Nikasimama mbele, nikatangaza kwa sauti yangu yote, mara mbili, badilisheni kumi na tano iwe hamsini. Kisha nikauliza, "Mmesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikaanza kupita katikati ya madawati. Mstari wa kwanza walikuwa wamerekebisha. Mstari wa pili, baadhi. Kuanzia wa tatu mpaka ukutani hakuna hata mmoja aliyegusa kalamu. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano. Nilimwinamia kijana mmoja, kiongozi wao wa darasa, nikamuuliza sikioni kwa nini amesema ndiyo. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaamkia wakubwa.

"Mwalimu, uliuliza," akasema.

Nikamuuliza na wakati wa vipindi vya video ilikuwaje. Akasita, kisha akanionyesha kwa kidole. Chini ya skrini, sakafuni kabisa, palikuwa na spika moja ndogo. Ya pili ilikuwa imeungua tangu mwezi wa kwanza wa masomo. Kando ya spika palitandikwa boksi la katoni lililokunjuliwa, limechakaa katikati, na ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa chini, chokaa imefutika pakawa na alama ya mafuta.

"Pale ndipo anapokaa mama," kijana akasema. "Alisema akikaa pale anapata yote. Halafu jioni anatuelekeza sisi."

Nilienda nikasimama pale. Kamera ilikuwa juu ya skrini, inatazama mbele. Aliyekaa chini yake angeonekana kilemba tu, kidogo, kwenye kona. Wiki nane alikaa kwenye sementi na baridi ya Iringa, sikio kwenye spika, anaandika maneno yangu, na mimi kule kwenye zulia namwandikia X.

Kanuni zetu zinaruhusu mtahiniwa aliyechelewa kuingia ndani ya nusu saa ya kwanza. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika kumi na mbili. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza, mgongo kwetu, mfuko wa nailoni mapajani, mvua inamrukia miguuni. Nilikuwa msimamizi mkuu. Karatasi za ziada zilikuwa mezani, tatu. Ningeweza kumwita aingie, kisha nikapambana na ofisi baadaye, mzee kama mimi wangenifanya nini?

Sikumwita. Nilijiambia lazima nifuate utaratibu, nitaandika barua, barua ndiyo njia. Niliangalia saa mpaka dakika zile zikaisha, na zilipoisha nilipumua. Nimejiuliza sana kuhusu ile pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyepona, na mimi siye niliyekuwa naumwa.

Barua niliiandika, niwe mkweli. Niliirudia mara nne. Shida ni kwamba haikuwezekana kusema kwamba mama yule alikuwepo bila kusema kwa nini alikuwa sakafuni, na haikuwezekana kusema kwa nini alikuwa sakafuni bila kusema kwamba karibu darasa zima lilikaa muhula mzima likitazama mdomo wangu unavyocheza. Na mpango wangu wa viti ulikuwa tayari umepelekwa kwenye matawi mengine, una jina langu juu. Nyani haoni kundule. Mimi nililiona vizuri kabisa, nikalikalia.

Kikao cha kupitisha matokeo kilifanyika kwa video. Kila mmoja alikuwa ofisini kwake, nyuso kwenye visanduku vidogo. Barua ilikuwa kwenye bahasha, mbele yangu, kando ya kikombe. Wakasoma Iringa: nusu ya darasa sapu. Mwenyekiti akasema ni kawaida kwa takwimu. Wakasoma jina moja la aliyezuiwa, anabeba somo kwa mara ya mwisho, kwa hiyo anaondolewa chuoni. Mwenyekiti akatuangalia, yaani aliangalia kamera yake.

"Kuna mwenye hoja? Mwalimu wa somo?"

Nilisikia vizuri sana. Mtandao haukukwama, na huku kwetu Mbeya kulikuwa na jua.

"Tumekubaliana?"

Vidole gumba vikapanda kwenye visanduku, kimoja baada ya kingine. Changu nacho kilipanda.

Mwezi wa nne nilienda Ilula. Sikumwambia mke wangu ninaenda kufanya nini. Nilishuka barabarani pale wauza nyanya wanapokimbilia madirisha ya mabasi, nikauliza nyumba ya mwalimu aliyekuwa anasoma chuo Iringa. Mwanamke mmoja mwenye beseni akanionyesha njia, akasema, "Alikuwa. Siku hizi hasomi tena."

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati jipya, nyuma yake shamba la nyanya linashuka bondeni. Alinitambua kabla sijafika. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja kunilaki, akatoa kiti kizuri cha ndani, akakipangusa.

"Karibu, mwalimu. Kamwene. Umekuja mpaka kwetu."

Nikaitikia kamwene, salamu ya Kihehe, kwa Kihehe changu cha kujifunza. Aliniletea maji ya kunawa, kisha chai na viazi vya kuchemsha, na hakuuliza nimekuja kwa sababu gani. Mgeni haulizwi kabla hajala. Tuliongea habari za mvua na habari za shule yake. Alikuwa bado anafundisha darasa la kwanza. Alisema watoto hawajambo.

Nilipomaliza chai nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba amehamia sakafuni. Kwa nini hakuandika hata mstari mmoja kwenye zoezi.

Alionekana kushangaa. "Lakini ulikuwa unaniona, mwalimu."

"Nilikuwa sikuoni."

"Ulikuwa unaniangalia mimi," akasema. "Kila wakati. Ukifundisha macho yako yalikuwa yanashuka pale pale nilipokaa. Wenzangu walikuwa wananitania, wanasema mwalimu anafundisha mtu mmoja. Nikajua umenisamehe kwa siku ile."

Mbele yangu, chini ya kamera, ndipo nilipokuwa naweka karatasi zangu. Nilikuwa nasoma. Wiki nane nilikuwa nasoma karatasi zangu, na yeye alikuwa anadhani anasamehewa.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mbeya. Nikajisogeza kwenye kiti, nikaanza kusema kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba siku ya mtihani nilijua ukweli kukiwa na dakika kumi na mbili na sikumwita, kwamba kwenye kikao niliulizwa na nikanyamaza, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Sijui nilikuwa nimefika wapi mvua ilipoanguka. Haikunyunyiza kwanza. Ilianguka yote kwa pamoja juu ya lile bati jipya, na sauti yangu ikapotea hata kwangu mwenyewe. Nikaongeza sauti. Nilikuwa nampigia kelele mwanamke nyumbani kwake, mishipa ya shingo imenisimama, namwambia nisamehe, na kama mtu angepita nje angedhani namgombeza.

Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, macho kwenye mdomo wangu. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu kwa kuitikia. Niliponyamaza, niliona midomo yake ikisema, ndiyo, mwalimu.

Tulikaa hivyo, tukiangalia mlangoni maji yakishuka kutoka kwenye bati. Kisha mvua ikakata. Kukawa kimya kabisa, mpaka matone ya mwisho yalisikika moja moja yakidondokea ndoo. Hapo ndipo nilipotakiwa kurudia. Maneno yenyewe hayakuwa mengi, na yeye alikuwa ananitazama, anasubiri, kama aliyeona kwamba mgeni hajamaliza.

Nikamuuliza nyanya za mwaka huu zimekuwaje.

Akasema zilizaa vizuri, ila mvua imezidi, nyingi zimeozea shambani. Akanisindikiza mpaka barabarani, na mkononi alikuwa na sado iliyofunikwa gazeti. Safari hii niliipokea. Basi lilipoonekana kwenye kona nikamwambia, "Pole sana, mama."

"Asante, mwalimu," akasema. "Nimeshapoa. Ndiyo kilimo."

Hiyo ndiyo pole pekee ninayojua kwa hakika kwamba aliisikia, na ilikuwa ya nyanya.